"Charge": kushtaki, kutoza, kuchaji au kukabidhi?

Swali: Natafsiri barua, mikataba na habari kutoka Kiingereza, na neno "charge" linanitesa. Niliandika "Alishtakiwa kwa kuwatunza yatima watatu" kama tafsiri ya "She was charged with the care of three orphans", mhariri akanirudishia ukurasa umejaa wino mwekundu. Mengine yaliyonikwamisha ni "released without charge", "a charge on the property" na "the nurse and her young charges". Nitazitambuaje maana za neno hili, na ni visawe gani vinaweza kukaa mahali pake bila kuharibu maana?

Jibu: Mhariri alikuwa na haki ya kukurudishia, ila kosa lako lina mantiki yake, kwa hiyo tuanzie hapo. Mtu anaposemwa kuwa "charged with" kitu, kitu hicho huwa ama kosa ama kazi. "Charged with theft" ni kushtakiwa kwa wizi. "Charged with the care of three orphans" ni kukabidhiwa malezi ya yatima watatu. Kitenzi ni kilekile na kihusishi ni kilekile; kinachoamua ni nomino inayofuata. Jambo likiwa la kuadhibiwa, hayo ni mashtaka. Likiwa la kutekelezwa, hilo ni jukumu. Kulea yatima hakumpeleki mtu kizimbani, hivyo mahakama haikuwa na nafasi katika sentensi ile.

Ukitaka kuacha kukariri orodha ya kamusi, shika shina la neno. Kilatini cha zama za mwisho za Roma kilikuwa na kitenzi "carricare", yaani kupakia mzigo kwenye gari la kukokotwa. Kilitokana na "carrus", jina la gari ambalo Warumi walilichukua kwa Waselti wa Gaul, eneo la Ufaransa ya leo. Kifaransa cha kale kikalifanya "chargier", na kufikia karne ya 13 lilikuwa limeingia Kiingereza, wakati lugha ya mabwana wa Uingereza ilikuwa bado Kifaransa kutokana na uvamizi wa Wanormani, watu wa Ufaransa ya kaskazini, wa 1066. "Car", "carry" na "cargo" ni ndugu zake wa damu. Hata "caricature", mchoro unaomkuzia mtu pua na masikio, ni ndugu: ni picha iliyopakiwa kupita kiasi.

Kiswahili kina wazo hilohilo katika kutwika. Mtu hutwikwa mtungi kichwani. Hutwikwa pia jukumu na lawama, na akikosa bahati hubebeshwa kesi isiyo yake. Kwa hiyo ukikutana na "charge", jiulize kwanza mzigo ni nini na aliyetwikwa ni nani. Mzigo wa kosa hukupeleka kwenye kushtaki, wa fedha kwenye kutoza, wa kazi kwenye kukabidhi au kuagiza. Mzigo ukiwa umeme au baruti, umefika kwenye kuchaji na kushindilia.

Hivyo viwili vya mwisho vimefuatana kihistoria. Gobore hushindiliwa kipimo cha baruti kabla ya kufyatuliwa, na kipimo hicho kwa Kiingereza huitwa "charge". Mwaka 1745 na 1746 ilipogunduliwa chupa ya Leyden, chombo cha kwanza cha kuhifadhi umeme, wajuzi wa fani hiyo walihitaji neno la kueleza hali ya chupa iliyojazwa. Benjamin Franklin, Mmarekani aliyechunguza umeme, katika maandishi yake ya mwishoni mwa miaka ya 1740, alilitumia neno la baruti, na chupa kadhaa zilizounganishwa pamoja akaziita "battery", jina la kundi la mizinga. Anayesema betri ya simu yake imeisha chaji anatumia misamiati miwili ya jeshi kwa mpigo.

Maana ya kukimbilia adui huelezwa kwa kawaida kuwa ilipitia kwenye silaha pia: kwanza kuiweka silaha tayari, kisha kwenda nayo mbio. Ukiiona hivyo, hutashangaa kwamba neno moja linamhusu mwendesha mashtaka, mwenye hoteli, fundi wa umeme na kifaru wa porini.

Sasa tuje kwenye miundo, kwa maana kitenzi hiki hujitambulisha kwa majirani zake. Mtu akifuatwa na "with", ni kosa au kazi, kama tulivyoona. Mtu akifuatwa na kiasi cha fedha na kisha "for", ni kutoza: "They charged me 40 dollars for the repair." Kitu kikifuatwa na "to", ni kukiingiza kwenye hesabu ya fulani: "Charge it to my room." Mtu akifuatwa na "to" na kitenzi, ni kuagizwa rasmi: "He charged them to keep silent", aliwaagiza wakae kimya. Muundo huu una harufu ya maandiko na hotuba, hivyo usiutafsiri kwa "aliwaambia" tu. Kitenzi kikifuatwa na "at", "into", "through" au "towards", kuna mwili unaokwenda kwa kasi. Kikifuatwa na "that", mara nyingi katika habari, ni kulaumu hadharani: "Critics charge that the plan was rushed." Hapo hakuna polisi wala hati ya mashtaka, wakosoaji wanadai, kwa sauti ya lawama, kwamba mpango ulifanywa harakaharaka.

Kihusishi "for" ndicho kinachowaponza wengi wanapoandika Kiingereza chao wenyewe. Wanaandika "He was charged for murder." Msomaji wa Kiingereza huielewa, lakini sikio linamkwaruza, kwa kuwa "charged for" ni lugha ya bili, kana kwamba jamaa alinunua mauaji akaandikiwa stakabadhi. Mtu hukamatwa "for" murder, hushukiwa "of", hulaumiwa "accused of", hushtakiwa "charged with", hutiwa hatiani "convicted of", na huachiwa huru "acquitted of". Vihusishi hivi havina kanuni ya kuvitabiri. Jifunze kila kitenzi pamoja na kihusishi chake, kama jina na ukoo.

Tukae kidogo na upande wa sheria, maana hapo kisawe kibaya kinaweza kumchafulia mtu jina. "Accuse" anaweza kuifanya yeyote, hata jirani akiwa barazani kwake. "Charge" hufanywa na mamlaka yenye uwezo wa kufungua kesi: polisi au mwendesha mashtaka, kwa maandishi, ikitaja kosa. Gazeti likisema "accused of fraud", tafsiri ya haki ni anatuhumiwa au analaumiwa kwa udanganyifu. Ukiandika ameshtakiwa, umempandisha kizimbani mtu ambaye huenda hata hajahojiwa. "Allege" ni laini zaidi: kudai jambo lisilothibitishwa. "Indict" ni kushtaki kwa hati rasmi katika makosa mazito, na ndiyo inayosikika sana katika habari za Marekani, ambako kwa makosa makubwa ya shirikisho jopo la raia hupima kwanza kama ushahidi unatosha kumshtaki mtu. "Arraign" ni hatua inayofuata: mshtakiwa kufikishwa mbele ya hakimu, kusomewa mashtaka na kuulizwa anakiri au anakana. "Prosecute" ni kuiendesha kesi yenyewe. Basi wanaosema hivi vyote ni visawe vya "charge" wamechukua ngazi wakaiita kipago.

Kuna mtego ndani ya mtego. "Accused" ikiwa kitenzi inaweza kuwa kutuhumiwa tu, lakini "the accused", ikiwa nomino mahakamani, ni mshtakiwa kamili. Kinyume chake "suspect" bado ni mshukiwa. Kiswahili kimeyatenga haya vizuri: mshukiwa, mtuhumiwa, mshtakiwa, kisha mfungwa. Yatumie kwa mpangilio huo na hutakosea.

Nomino nayo ina marafiki wake wa kudumu. "Bring charges" au "file charges" ni kufungua mashtaka. "Drop the charges" ni kuyafuta. "Press charges" katika mazungumzo husemwa kuhusu mlalamikaji anayeamua suala lifike kwenye sheria, ingawa mwenye uamuzi wa mwisho huwa mamlaka. "She decided not to press charges" ni aliamua kutoendelea na kesi. "Trumped-up charges" ina tafsiri ambayo Kiswahili kiliiandaa zamani: kesi ya kubambikiwa. "Charge sheet" ni hati ya mashtaka, na ndani yake kila shitaka linalohesabika peke yake ni "count". "Five counts of fraud" ni mashtaka matano ya udanganyifu, wala si udanganyifu uliohesabiwa mara tano.

Hapa ndipo panapokaa "released without charge". Weka sentensi mbili bega kwa bega. "The parcel was delivered without charge." "The man was released without charge." Kifurushi kililetwa bila malipo. Mtu yule aliachiwa bila kufunguliwa mashtaka. Ukisema mtu aliachiwa bila malipo, msomaji ataelewa kwamba wengine huachiwa kwa rushwa, na umeingiza kashfa ambayo mwandishi hakuitaja. Maneno ni yaleyale mawili. Kitenzi kilichotangulia ndicho chenye ufunguo. Vitenzi vya kukamatwa, kuzuiliwa, kuhojiwa na kuachiwa vinaelekea kwenye mashtaka. Vya kuleta, kutengeneza, kupatikana na kuingia vinaelekea kwenye fedha. "Free of charge", kwa upande wake, ni ya fedha daima. Aliyesafishwa mahakamani ni "cleared of all charges".

Upande wa fedha ndio wenye visawe vingi kuliko wote, na wengi huvichanganya kwa sababu vyote vinaishia mfukoni. Kanuni ya kwanza ni ya kiima. Anayefanya tendo la "charge" ni mtu au taasisi, na kinachofanya "cost" ni bidhaa au huduma. "The mechanic charged me 40 dollars", "The repair cost me 40 dollars." Ukiandika "The repair charged me", umeyapa matengenezo mkono wa kupokelea pesa. Kwa Kiswahili tofauti hiyo inaonekana kwenye vitenzi: fundi alinitoza, matengenezo yalinigharimu.

Kanuni ya pili ni ya aina ya malipo. "Price" ni bei ya kitu kinachouzwa. "Charge" ni malipo ya huduma, au nyongeza inayopandishwa juu ya bei. Ndiyo maana hakuna anayeuliza "the charge of this shirt". "Fee" ni ada: ya wakili, ya usajili, ya mtihani, na shuleni huwa karo. "Fare" ni nauli na haitoki nje ya usafiri. "Toll" ni malipo ya kupita barabarani au darajani. "Duty" ni ushuru wa forodha. "Levy" ni tozo inayowekwa na mamlaka. "Rent" ni kodi ya pango. "Fine" ni faini, adhabu ya kosa, na haifai kuitwa "charge" kabisa, kwa kuwa aliyetozwa faini amekosa ilhali aliyetozwa malipo amehudumiwa. Karani aliyemwandikia mteja "a charge for late payment" na yule aliyeandika "a fine for late payment" wamesema mambo mawili: wa kwanza anadai gharama ya usumbufu, wa pili anaadhibu. Katika mkataba, tofauti hiyo ni hoja ya mawakili.

Unapokuja Kiswahili, usitafute neno moja la kuzibeba "charges" zote. "Bank charges" ni makato ya benki, kwa sababu pesa inakatwa pale ilipo bila wewe kuitoa. "Cover charge" ni kiingilio. "Delivery charge" ni gharama ya kufikisha mzigo. "Interest charge" ni riba. "Service charge" kwenye bili ya chakula ni malipo ya huduma, na kwenye jengo la vyumba vya kupangisha ni mchango wa matunzo ya jengo: usafi, ulinzi, lifti. Mwenye kuandika "malipo ya huduma" kote humwacha mpangaji akijiuliza ni huduma gani hiyo.

Habari za biashara zina yao. "The company took a charge of 2 million dollars in the third quarter." Hakuna aliyeshtakiwa, na pengine hakuna hata shilingi iliyotoka siku hiyo. Ni lugha ya wahasibu: kampuni imeingiza vitabuni gharama au hasara ya dola milioni 2, labda kwa kushusha thamani ya mali iliyochakaa. Vivyo hivyo "depreciation charge" ni gharama ya uchakavu. Mtafsiri akikimbilia "kampuni imetozwa dola milioni 2", atakuwa amezua serikali au mdai ambaye hayumo.

Na hapo hapo kuna "a charge on the property". Fikiria nyumba iliyotwikwa deni. Mwenye nyumba anabaki mwenye nyumba, anaishi humo, lakini mkopeshaji ana haki juu ya mali ile mpaka deni liishe. Katika barua ya kawaida andika: nyumba imewekwa rehani. Katika mkataba uwe mwangalifu zaidi, maana "mortgage", "charge" na "lien" hazilingani. Kwa maana yake ya jadi katika sheria ya Kiingereza, "mortgage" huhamisha umiliki kwenda kwa mkopeshaji hadi alipwe; "charge" haihamishi, inaulemea tu. "Lien", katika umbo lake la kawaida, ni haki ya kuzuia kitu ulichonacho mkononi, kama fundi anavyoishikilia saa mpaka alipwe ujira wake. Ninachopendekeza kwa "charge" ya mkataba ni "dhamana iliyowekwa juu ya mali", ukiifafanua mara moja mwanzoni kisha ukaishikilia hadi mwisho. Ukikuta "fixed charge", hiyo ni dhamana juu ya mali iliyotajwa, kama jengo au mtambo fulani. "Floating charge" ni dhamana juu ya mali inayobadilikabadilika, kama bidhaa za ghalani: kampuni inaruhusiwa kuuza na kununua nyingine, hadi itakaposhindwa kulipa ndipo dhamana inapong'ang'ania kilichopo. "Dhamana inayoelea" ni tafsiri ya neno kwa neno, lakini msomaji ataiona meli.

Kuhusu yule nesi na "her young charges": hapa mzigo umekuwa mtu. "Charge" ni mtu aliyekabidhiwa kwa mwingine amtunze, mara nyingi mtoto. Andika "watoto anaowalea" au "watoto walio chini ya uangalizi wake". Kiswahili hakina nomino moja inayomlingana, na hakuna ubaya. Kishazi kirefu kinachoeleweka ni bora kuliko neno fupi la kubuni.

Neno hilihili la uangalizi lina mchezo mmoja wa kijanja. "The nurse is in charge of the children": nesi ndiye msimamizi. "The children are in the charge of the nurse": watoto wako chini ya nesi. "The" hiyo ndogo imegeuza nani anamshika nani. Wasomaji wa haraka huipita, wakaandika kwamba watoto wanamsimamia nesi. Kwa "in charge" ya ofisini tunalo neno zuri lisilotumiwa vya kutosha nje ya mahakama na hospitali: mfawidhi. Hakimu mfawidhi, mganga mfawidhi. Asili yake ni Kiarabu, kwenye wazo la kukabidhi mamlaka, kwa hiyo linalingana na "charge" ya Kiingereza hadi mzizini.

Usidhani "responsible for" ni kisawe salama cha "in charge of". "She is in charge of the fire drill" na "She is responsible for the fire drill" zinakaribiana. Lakini "She is responsible for the fire" inamaanisha yeye ndiye aliyesababisha moto. "Responsible" hubeba lawama pale nomino inapokuwa janga, na "in charge" haibebi. "Take charge" ni kushika usukani, "take over" ni kupokea kutoka kwa aliyekuwapo, na "take care of" ni kutunza au kushughulikia. Katika ubalozi kuna "chargé d'affaires", Kifaransa kilichoingia Kiingereza bila kubadili nguo: maana yake ni aliyetwikwa shughuli. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia unamtambua katika daraja la tatu la wakuu wa balozi, na kwa Kiswahili ni kaimu balozi.

Kwa maana ya kushambulia nitapita haraka, isipokuwa jambo moja. "Rush" ni haraka ambayo inaweza kuwa ya heri, kama kumkimbiza mgonjwa. "Attack" yaweza kufanywa na mtu aliyeketi, kwa maneno au kwa mzinga. "Storm" huhitaji mahali penye ulinzi pa kuvamiwa. "Charge" inataka mambo matatu kwa pamoja: uzito, mwelekeo na mbio. Ndivyo walivyofanya wapanda farasi zaidi ya 600 wa Uingereza kuelekea mizinga ya Warusi huko Balaclava, katika Vita vya Crimea, tarehe 25 Oktoba 1854, na ndivyo afanyavyo nyati. Ila ndovu ana "mock charge": anakuja kwa kasi, masikio yamekunjuliwa, vumbi linatimka, halafu anasimama hatua chache kabla ya kukufikia. Ukitafsiri "ndovu alishambulia", umesema jambo ambalo halikutokea. Sema alitishia kushambulia, au alikuja mbio za vitisho. Katika soka nako "charge" si lazima iwe rafu. Ni kumkabili mpinzani kwa bega. Sheria ya 12 huiadhibu inapofanywa kwa uzembe, bila kujali usalama wa mwenzio, au kwa nguvu kupita kiasi.

Umeme unaonekana mwepesi kwa sababu tuna kuchaji, chaja na chaji, nayo yanatosha. Tahadhari iko kwenye fizikia. "Charge" ya elektroni ni chaji hasi, takriban coulomb (kizio cha kupimia chaji) 1.6 zidisha kwa 10 kipeo cha hasi 19. Lakini betri iliyojaa haina elektroni nyingi kuliko iliyokwisha. Kwa ujumla wake haina chaji ya ziada ya upande wowote. Kilichojaa ni nishati ya kikemia iliyo tayari kusukuma elektroni kupitia waya. Kwa hiyo "charged particle" ni chembe yenye chaji, na "charged battery" ni betri iliyojaa. Ukiandika "betri yenye chaji" kwenye kitabu cha fizikia, mwanafunzi makini atakuuliza chanya au hasi. Fundi wa friji naye "charges the system", na hapo anajaza gesi, hagusi umeme.

Ukipima kama umeielewa familia nzima, chukua "discharge", ambayo ni kutua mzigo. Mgonjwa anaruhusiwa kutoka hospitali, askari anaachishwa jeshi, mdaiwa anafutiwa deni, meli inapakua shehena, bunduki inafyatuliwa, betri inakwisha, kidonda kinatoa usaha, na afisa anatekeleza wajibu wake. Maana nane, na kila moja ni kinyume cha mzigo fulani uliokwisha kupakiwa. "Overcharge" ni kutoza kupita bei au kuchaji kupita kiasi, kutegemea kama mbele kuna mteja au betri. "Surcharge" ni tozo juu ya tozo. "Charger" ni chaja leo, lakini katika riwaya za zamani ni farasi wa vita, na katika Biblia ya Kiingereza ya 1611 kichwa cha Yohana Mbatizaji kililetwa "in a charger", yaani kwenye sinia. Chombo kinachopakiwa chakula, basi.

Onyo la upande wa Kiswahili: mitaani "kuchaji" imeanza kuchukua pia kazi ya kutoza, kama katika "wamenichaji sana". Kwenye mazungumzo ya wahusika wa hadithi iache, ina ladha yake. Kwenye mkataba itoe.

Tumalizie na kifungu kimoja cha kufanyia kazi. "The clerk in charge refused to charge the fee to the hospital's account. A highly charged argument followed, and when a guard charged into the room, the patient's brother struck him. He was arrested for assault but released the next day without charge." "Charge" imetokea mara tano. Ya kwanza ni usimamizi. Ya pili ina "to", basi ni hesabu. Ya tatu ni sifa ya mabishano, na mzigo wake ni hisia. Ya nne ina "into", basi ni mwili unaokwenda kwa kasi. Ya tano imetanguliwa na "released", basi ni mashtaka. Ningeandika: "Karani mfawidhi alikataa kuiingiza ada hiyo kwenye akaunti ya hospitali. Mabishano makali yakazuka, na mlinzi alipoingia chumbani kwa kishindo, ndugu wa mgonjwa akampiga. Alikamatwa kwa kosa la kushambulia, lakini kesho yake akaachiwa bila kufunguliwa mashtaka."

Ukiniuliza kwa nini "charged with assault" isingefaa mahali pa "arrested for assault", soma tena mwisho wa sentensi: aliyekwisha kushtakiwa hawezi kuachiwa "without charge". Angeachiwa kwa dhamana, au baada ya mashtaka kufutwa, na kila moja kati ya hizo ina maneno yake.